Nilivyochanganya Kaskazini na Kusini

Nyinyi watoto wa darasa la Jumamosi mkiniuliza, "Bibi Nurbanu, ulikuwa unafanya kazi gani?" nami nikawajibu kwamba kwa miaka ishirini na tisa nilikuwa nakunja karatasi, mnatazamana halafu mnaangua kicheko. Yule mrefu anayetoka Queensbury, hapa London, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza tu, juzi aliniuliza kama nilikuwa natengeneza ndege za kurusha. Haya, chekeni. Leo nimeamua kuandika, maana nikisimulia mnanikatiza, na mimi nikikatizwa huingiwa na hofu kwamba nimesahau jambo, na kweli nalisahau.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi tangu nilipozaliwa. Kabla ya kutoka nyumbani nagusa swichi za jiko mara tatu, na nikifika kituo cha basi natamani kurudi kuzigusa tena. Marehemu mume wangu Amir alikuwa akisema nikifika peponi nitauliza kama mlango wa nyuma umefungwa. Acha aseme. Katika kazi yangu wasiwasi ulikuwa zana kama koleo na penseli. Asiye na wasiwasi asishike likeni.

Sasa likeni ni nini? Mkipita kwenye ukuta wa zamani au makaburini, tazameni yale madoa kwenye mawe, ya kijivu, ya manjano, mengine meusi yenye vijani vilivyokunjamana. Watu hudhani ni uchafu. Si uchafu, jamani. Ni viumbe viwili vinavyoishi pamoja kama mume na mke: kuvu anajenga nyumba, na mwani mdogo mno, asiyeonekana kwa macho, anapika chakula kwa mwanga wa jua. Hakuna mzizi, hakuna ua, na haraka ndiyo hakuna kabisa. Likeni nyingine huchukua maisha ya mtu mzima kutanuka upana wa ukucha. Nazo huota mahali ambapo hata nyasi haithubutu, kule juu kabisa kaskazini kwenye barafu, na kule chini kabisa kusini.

Mimi nilizijua kabla sijajua jina lake. Baba alikuwa na duka la viungo Moshi, na moja ya bidhaa zake ilikuwa kitu cheusi kikavu kilichotoka India kwa gunia, sisi tukikiita dagadphul, yaani ua la jiwe. Ukikitia kwenye mafuta ya moto hutoa harufu ya moshi, na biriani isiyo nacho Mama aliiita wali wa hospitali. Ilikuwa likeni. Tangu nina miaka saba nilikaa na Mama mkekani, sinia kati yetu, tukisafisha. "Toa kijiwe, toa gome," aliniambia, "mteja asije akavunja jino akaja kutuvunjia duka." Ukishasafisha unapanga: majani makubwa huku, ya kati huku, yaliyovunjika kule. Halafu unakunja karatasi.

Tulieni niwafundishe kukunja, maana hata gundi haitakiwi. Theluthi ya chini ya karatasi inapanda juu lakini haifiki ukingoni. Pande mbili unazikunja kwa nyuma, upana wa vidole viwili. Mdomo wa juu unaushusha mwisho, na kucha inapita juu yake mara moja tu; ukipitisha mara mbili karatasi inachoka. Pakiti ya Mama ungeigeuza kichwa chini ukaitikisa, bizari isingemwagika hata punje.

Hiyo ndiyo iliyonipa kazi London. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini, wakati sisi Wahindi wa Afrika Mashariki tulipokuwa tunashuka kwa makundi na masanduku ya bati na makoti ya kuazima. Amir alipata ukarani upesi. Mimi niliona tangazo la jumba moja la kuhifadhi mimea iliyokaushwa, wanataka msaidizi mwenye mikono safi. Aliyenihoji alikuwa mkuu wa chumba cha likeni, Miss Halloway, mwanamke mrefu, soksi za sufu, penseli mbili zimechomekwa kwenye nywele na nadhani zote mbili alikuwa amezisahau. Hakuniuliza cheti. Alinipa karatasi na makombo ya likeni akasema, "Funga." Nikafunga. Akaigeuza pakiti kichwa chini, akaitikisa juu ya meza yake. Hakikuanguka kitu.

"Nani kakufundisha?"

"Mama yangu."

"Anza Jumatatu. Miezi mitatu ya majaribio."

Siku ya kwanza nilifungua kabati nikaona pakiti yenye kitu cheusi nikapiga kelele, "Hiki tunatia kwenye biriani!" Miss Halloway alinitazama kana kwamba nimemwambia sisi hula vitabu. Baada ya wiki moja alikuja kuniomba nimwandikie namna ya kupika. Nikamletea dagadphul ya dukani, ya kununua mtaani Tooting, na nikamwapisha asiguse zilizo kabatini, maana zile tulizipulizia sumu ya wadudu na kuziwekea vidonge vya kufukuza nondo. Nilinuka vidonge hivyo mpaka kwenye nywele. Amir alikuwa akisema hakuoa mke, kaoa kabati.

Mnacheka, lakini mimi sikuwa nacheka miezi ile. Mama alikuwa amebaki Moshi. Baba alikwisha fariki, duka halikuwa letu tena, na Mama alikuwa amepewa chumba na jirani yetu, Mama Shayo, mwanamke mwenye roho ya pekee. Sisi tulikuwa na pasipoti za Uingereza, Mama alikuwa na ya Tanzania. Ili aje, ofisi ya uhamiaji ilitaka barua ya mwajiri wangu kuthibitisha kwamba nina kazi ya kudumu na ninaaminika, na Miss Halloway alikuwa ameahidi kuisaini majaribio yangu yakiisha. Na Mama alikuwa anaumwa macho. Presha ya macho. Mama Shayo, aliyekuwa akimwandikia barua, aliniandikia na ya kwake chini kabisa kwa herufi ndogo: mama yako amemimina chai pembeni ya kikombe, daktari anasema matone hayatoshi, apasuliwe mapema. Nilikuwa nikiisoma barua ile kwenye treni mpaka mikunjo yake ikakatika.

Habari ya macho sikumwambia mtu yeyote kazini. Tuliogopa. Siku zile tuliambizana sisi kwa sisi kwamba ukisema mzazi wako ni mgonjwa, hawamruhusu, watasema anakuja kuwajazia hospitali. Sijui kama ilikuwa kweli. Niliiamini, na nikafunga mdomo.

Basi, wiki ya mwisho ya majaribio yangu, Miss Halloway akashikwa na mafua makali akakaa nyumbani. Jumatatu hiyo yaliletwa makopo mawili ya biskuti yaliyojaa likeni. Moja lilitoka visiwa vya kaskazini kwenye barafu, jingine lilitoka kusini kabisa, kwa meli ambayo hufika kule mara moja kwa mwaka. Ndani mlikuwa na vipande vya likeni nyeusi, kila kimoja kimeng'ang'ania kijiwe chake, vimeviringishwa kwenye magazeti, na vikaratasi vya maelezo vimetupiwa humo humo ovyo. Wanasayansi wengine, Mungu awasamehe, hawajui kufunga mzigo.

Nikajiambia, Nurbanu, hii ndiyo nafasi yako. Akirudi akute kazi imekwisha. Nikayamwaga makopo yote mawili kwenye meza moja kubwa. Mnaelewa nilichofanya? Nilisafisha. Nililowesha kila likeni kwa tone la maji ilainike isivunjike, nikaibandua jiweni kwa kisu chembamba, taratibu, bila kuichana. Hiyo kazi nilikuwa naijua kuliko mtu yeyote ndani ya jumba lile. Vijiwe vyote nikavitupa. Halafu nikapanga: makubwa huku, ya kati huku, yaliyovunjika kule. Vikaratasi nikavikusanya vizuri nikavibana na kibanio. Alhamisi mfagizi akamwaga ndoo ya taka. Ijumaa asubuhi trei zangu zilikuwa zinapendeza mno, nikasimama nikizitazama nikatamani Mama angekuwepo azione.

Ijumaa mchana akaingia Dokta Ferris. Huyu ndiye aliyekuwa akizingojea likeni zile, bwana mwembamba, mpole, mwenye kuongea na mikono. Miss Halloway alikuwa amenipigia simu kwamba Jumatatu anarudi na Dokta atakuja tufungue naye, lakini yeye hakuweza kusubiri, alitaka tu kusikia kama zimefika. Nilikuwa nakula chakula changu, mkate na yai la kuchemsha.

"Unajua kwa nini nazitaka?" akaniuliza.

Nikasema sijui. Akalichukua yai langu, akalichovya ncha moja kwenye chumvi, akaligeuza akachovya ncha ya pili. Akaliinua. "Hii ni dunia. Likeni hii nyeusi iko huku juu, na iko huku chini. Ile ile! Katikati, kwenye joto, hakuna." Halafu akachukua punje mbili tatu akazibandika kwenye kiuno cha yai. "Isipokuwa hapa, juu ya milima mirefu sana yenye baridi. Wewe umetoka Tanganyika, sivyo? Ipo hata juu ya mlima wenu mkubwa."

Mlima wetu mkubwa! Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa dirishani kwetu kila asubuhi mawingu yakiondoka, na sikuwahi kujua.

"Sasa swali," akasema, na macho yakamng'aa. "Nani alizaa nani? Zilianzia kaskazini, mbegu zake ndogo kama vumbi zikapeperushwa na upepo au zikabebwa na ndege, zikavuka mlima baada ya mlima zamani dunia ilipokuwa na baridi zaidi, mpaka kusini? Au zilianzia kusini zikapanda? Au zilikuwepo pande zote mbili tangu mabara yalipokuwa yameshikana? Ndiyo maana lazima nizilinganishe hizi mbili, moja kwa moja. Ukizitazama zinafanana kabisa. Bila kujua ipi imetoka wapi, hatuna kitu. Bahati nzuri kila moja ina jiwe lake, na mawe ya kusini hayafanani na ya kaskazini."

Akanirudishia yai langu, akasema kuzitazama atamngoja Miss Halloway, akaenda zake. Sikulila. Nilikaa nimelishika mkononi.

Jamani, wasiwasi wa kawaida naujua, ni kama kelele ya friji, unaishi nao. Ule ulikuwa mwingine. Nilikimbilia kwenye ndoo, tupu. Nikashuka mpaka kwenye mapipa ya nyuma, yalikwisha kuchukuliwa. Nikarudi kwenye trei nikashika kioo cha kukuzia, nikaanza kuzitazama moja moja. Kaskazini, kusini? Zilikuwa likeni nyeusi zilizokunjamana, zote safi, zote za daraja la kwanza kwa biriani. Arobaini na mbili. Nilizihesabu mara nne, kana kwamba hesabu ingenisaidia.

Jumamosi nilimweleza Amir tukiwa tunapiga pasi, yaani mimi napiga pasi, yeye anakunja. Alikuwa mtu wa utulivu, Amir, na utulivu wake ulikuwa ukinitia wazimu.

"Zinafanana?" aliniuliza.

"Zinafanana."

"Daktari mwenyewe hawezi kuzitofautisha?"

"Kasema hawezi."

"Basi gawanya nusu kwa nusu. Andika kaskazini, andika kusini. Nani atajua?"

"Hakuna."

"Haya. Na Jumatatu ndiyo Miss Halloway anasaini barua ya Mama?"

"Ndiyo."

Akakunja shati akaliweka juu ya mengine. "Nuru, mama yako anamimina chai nje ya kikombe. Hivyo ni vimelea vya mawe." Nikamwambia si vimelea, kuvu na mwani wanasaidiana. Akasema, "Sawa, wasaidiane basi, na sisi watusaidie."

Hakuwa amekosea. Nisiwafiche, nyinyi mnaosoma. Hata leo nikiyarudia maneno yale sioni kosa. Jumapili nzima niliswali na kupika na kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Jumatatu nilifika kazini wa kwanza, nikazigawa. Ilinibidi nichague kwa kitu fulani, mkono haukubali kugawa hivi hivi. Nikafikiri, kusini ni baridi mno, bila shaka huko zinadumaa. Ndogo ndogo nikaziita za kusini. Kubwa nikaziita za kaskazini. Nikaandika lebo arobaini na mbili kwa wino mweusi na mwandiko wangu mzuri wa shule.

Miss Halloway alifika saa nne, pua nyekundu. Alizitazama trei akatikisa kichwa kwa kuridhika, akashangaa kidogo kwamba mawe hayapo, lakini kabla hajauliza Dokta Ferris akaingia na kioo chake mwenyewe cha kukuzia kimening'inia shingoni kwa kamba. Barua ya Mama ilikuwa juu ya meza ya Miss Halloway, imepigwa chapa. Niliiona. Niliona jina la Mama juu yake. Akachomoa kalamu ya wino na kuivuta barua karibu, huku masikio yake yako kwa Dokta.

Dokta alichukua likeni ya kusini. Akachukua ya kaskazini. Akachukua nyingine, na nyingine. Uso wake ukaanza kubadilika.

"Maud," akamwita Miss Halloway, sauti ikitetemeka kwa furaha. "Njoo uone. Za kusini ni ndogo. Zote! Tazama, zote ni ndogo kuliko za kaskazini. Sikutegemea hata kidogo. Hii inabadilisha kila kitu." Akatoa daftari akaanza kuandika.

Yarabi toba. Alikuwa anaandika ubahatishaji wangu. Kile nilichokifikiri asubuhi ile na koti bado begani, binti wa duka la viungo, eti baridi inadumaza, kilikuwa kinaingia kwenye daftari la daktari kuwa ni habari ya dunia. Nilitazama kalamu ya Miss Halloway. Ilikuwa imegusa karatasi. Nilijiambia, nyamaza, nyamaza, hesabu mpaka kumi, atakuwa amesaini. Nilifika tano.

"Dokta, usiandike," nikasema. "Si za kusini. Sijui ni za wapi."

Niliwaeleza yote. Meza moja, vijiwe, ndoo, lebo za asubuhi. Kiingereza changu kilinitoroka nikawa nachanganya. Dokta Ferris hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alilifunga daftari, akasema kwamba meli itakwenda tena mwakani, Mungu akipenda, akatoka na kioo chake kikigongana na vifungo vya shati.

Miss Halloway aliirudisha kalamu kwenye kifuniko chake. Barua akaitia kwenye droo.

"Barua hii inasema wewe ni mwangalifu na unaaminika," alisema. "Leo siwezi kuisaini. Nikisaini, nami nitakuwa nimeandika lebo ya uongo. Nakuongezea miezi mitatu. Ukiimaliza vizuri nitaisaini kwa mikono miwili."

Hakuwa mkatili. Aliniambia pia kwamba angeweza kunifukuza na hanifukuzi kwa sababu nimesema. Na hapo ndipo ningemwambia. Mdomo ulikuwa wazi tayari. Mama yangu anapofuka, Miss Halloway, miezi mitatu ni mingi. Nikaogopa kwamba barua itakwenda kwa wakubwa na neno "mgonjwa" ndani yake. Nikasema, "Asante." Hebu fikirieni, nikasema asante. Nilikiri kosa langu lote, nikaificha shida yangu yote.

Miezi mitatu ile ndiyo iliyonifanya fundi, na hayo ndiyo nawaachieni, mkiingia kazi hii au nyingine ya kuhifadhi vitu vya watu. Usifungue mizigo miwili juu ya meza moja. Maliza mmoja, futa meza, nawa, ndipo ufungue wa pili. Andika palipotoka kabla hujagusa kilichotoka. Andika kwa penseli au wino usiofutika, na uandike mara mbili, ndani ya pakiti na nje, kwa sababu pakiti huchanika. Usibandue kitu kwenye jiwe lake kwa kuwa jiwe linakuudhi. Sisi dukani tuliuza jani tu, lakini kabatini jiwe, mchanga, hata manyoya ya ndege yaliyonasa, yote ni ushahidi. Na usipojua, andika hujui. Zile arobaini na mbili Miss Halloway alizichana lebo, akanipa mpya niandike mwenyewe: "Kaskazini au kusini, haijulikani. Zilichanganywa na Nurbanu." Niliandika moja moja mpaka ya mwisho.

Ziko kabatini mpaka leo. Siku hizi vijana wanachukua kipande cha likeni kidogo kuliko punje ya ufuta, wanasoma vinasaba vyake, na wananiambia kwamba baadhi ya likeni hizi kweli zilitoka kaskazini zikashuka kusini, mlima kwa mlima, na milima yetu pengine ilikuwa ngazi mojawapo. Dokta Ferris angeruka kwa furaha. Mwaka wangu wa mwisho kazini niliwaomba wazijaribu na zile zangu. Wakajaribu. Sumu tuliyozipulizia zamani ilikwisha haribu kila kitu ndani yake, hazikusema neno.

Barua ya Mama ilisainiwa siku ile ile miezi mitatu ilipotimia, saa tatu asubuhi, kabla sijavua koti. Mama akaja. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege, mimi na Amir, na shali tatu kwa sababu niliogopa moja haitatosha. Alitoka ameshikwa mkono na mhudumu wa ndege. Nilipunga. Alikuwa amegeuza uso moja kwa moja kwangu, hatua kumi tu, na hakunipungia. Nikamwita. Alipofika aliinua mikono yote miwili akanishika uso, paji, mashavu, kidevu.

"Umekonda," akasema.

Daktari wa macho alisema jicho la kushoto limekwisha na la kulia linaona mwanga wa dirisha, na kilichokwenda hakirudi. Nikamuuliza, angekuja miezi mitatu kabla? Akasema pengine. Akasema hawezi kujua. Nilipomsimulia Miss Halloway, akiwa anakunywa chai, aliiweka chini akaniuliza mara mbili kwa nini sikumwambia, na siku hiyo alikwenda nyumbani mapema.

Mama mwenyewe nilimficha kwa mwaka mzima. Halafu mchana mmoja alikuwa amekaa jikoni kwetu anachambua dengu kwenye sinia kwa vidole, maana vidole vyake vilikuwa vinapata kijiwe kuliko macho yangu. Nikakaa mbele yake nikamweleza. Kopo la kaskazini, kopo la kusini, trei, lebo, daftari, kalamu iliyogusa karatasi. Nilimwambia, Mama, aliyekuchelewesha ni mimi. Hakuacha kuchambua.

"Yule daktari wao angegundua?" akaniuliza.

"Asingegundua."

"Na yule bibi mkubwa?"

"Hapana."

"Mtu mwingine yeyote, mpaka leo?"

"Hapana, Mama."

Vidole vikasimama. Aliuinua uso wake akauelekeza kwenye sauti yangu, akakosea kidogo, akawa anatazama bega.

"Ungedanganya tu, mwanangu," alisema. "Ningekuona leo."

Akarudi kwenye dengu zake, na hakulitaja tena jambo lile mpaka alipofariki. Nyinyi mnataka niwaambie kwamba nilifanya sawa, na mwalimu wenu wa Jumamosi bila shaka anataka hivyo pia. Mimi sasa nimeupita umri aliokuwa nao Mama siku ile, na jibu la kumpa bado sijalipata.